Injini ya Fodi

Nyarugusu, Geita
14 Januari 2024

Dada Aneth,

Shikamoo. Mpwa wangu Hosiana hajambo? Na shemeji Charles?

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu siwezi tena. Nikisema maneno matatu kikohozi kinaingia, wewe unaanza kulia, na mazungumzo yanaishia hapo. Barua hii nampa Donatus, dereva wa basi, atakushushia hapo stendi ya Masumbwe.

Nimetoka hospitali. Si kifua kikuu, wamepima mara mbili. Ni vumbi la mawe. Miaka yote ile kwenye karasha, tunasaga mawe makavu ya dhahabu bila hata kitambaa puani, vumbi liliingia kifuani likakaa. Nikamwuliza daktari linatokaje. Akavua miwani kwanza, ndipo akaniambia halitoki.

Usimwambie baba. Najua utataka kumwambia, ndiyo maana naandika kwa herufi zinazosomeka: usimwambie. Tangu arudi kutoka kwenye upasuaji wa macho akakuta nimeitoa injini ya gari lake la Fodi nikaweka ya dizeli ya Kijapani, hajanisemesha. Alinifukuza kwa hasira ya kweli. Sasa sitaki anirudie kwa sababu nakufa.

Lakini nina ombi. Chumba ninacholala dirisha lake linatazama barabara. Kuna bwana mmoja mnunuzi wa dhahabu ana Fodi pikapu mpya, nyeusi, kubwa kama nyumba ya mwalimu. Kila ikipita namkumbuka baba akituhesabia aina za Fodi alizoendesha, tangu zile za zamani kabisa kule Mwadui. Tulikuwa watoto, hatukusikiliza. Mwombe aziandike zote. Mwambie ni Hosiana ndiye anayetaka. Akishaandika, nitumie nisome.

Mdogo wako,
Innocent


Masumbwe
21 Januari 2024

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia kwa herufi kubwa ili usihangaike na miwani. Sisi wazima. Charles yuko shambani, mpunga mwaka huu umekubali. Mimi naendelea na cherehani yangu, sare za shule zimekuwa nyingi mwezi huu.

Mjukuu wako Hosiana ana ombi kwako. Anataka kujua habari za magari ya Fodi uliyoendesha, tangu ya kwanza hadi hiyo iliyopo uani. Ilikuwaje, ilibadilika nini, ipi ilikuwa nzuri kuliko nyingine. Andika bila haraka, hata ukijaza daftari. Mpe Mama Lusia wa dukani, yeye anajua mabasi yanayofika huku.

Unakula vizuri? Jirani yako Herman bado anakuja kukutazama?

Mwanao,
Aneth


Maganzo
2 Februari 2024

Mama Hosiana, mwanangu,

Marahaba. Mhola hapa, ni salama tu. Mama Lusia aliniletea barua yako mwenyewe. Alisimama mlangoni akanipungia kitambaa, maana watu wote wa hapa wameshachoka kuniita. Masikio yamefunga kabisa sasa. Hata kengele ya kanisa naiona tu ikiyumba.

Mwambie Hosiana nimefurahi. Sikujua kama kuna mtoto wa siku hizi anayeweza kuuliza habari za chuma cha zamani.

Nilipoingia mgodi wa Mwadui mwaka 1961 nilikuwa mwoshaji magari. Fodi ya kwanza kuishika ilikuwa ya mwaka hamsini na sita. Kioo chake cha mbele kilikunjwa pembeni kama mtu aliyefunika uso kwa viganja. Mabega yake ya mviringo, tukiipaka sabuni tulikuwa kama tunaogesha ng'ombe. Ilileta mbao, ilileta saruji, na Jumapili ilileta masista kwenye misa.

Kisha zikaja za miaka ya sitini na kitu. Hizo mabega yalinyooshwa, uso ukawa mpana. Lakini uzuri wake ulikuwa chini. Mbele hazikuwa na mhimili mmoja kama za mwanzo, zilikuwa na mihimili miwili, kila gurudumu na wake. Gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia halina habari. Kabla ya hapo, barabara ya Shinyanga ilikuwa inatutikisa meno. Mwanzoni hatukuamini. Mzungu wa gereji aliweka kikombe cha chai juu ya dashibodi akaniambia niendeshe. Chai ilimwagika, lakini nusu tu.

Yangu ni ya mwaka sabini na moja, Fodi mia moja, silinda nane. Niliiendesha ikiwa ya kampuni, na walipouza magari machakavu nikainunua. Mama yako, Mungu amlaze pema, alinuna mwezi mzima. Lakini wewe mwenyewe ulizaliwa ndani ya hiyo gari, karibu na reli, tukienda hospitali. Imebeba maharusi wa Maganzo, imebeba wagonjwa, imebeba majeneza. Nami sijawahi kuua injini. Andika hapo Hosiana asome: babu yake ameendesha zaidi ya miaka hamsini na hajawahi kuua injini hata moja. Wenzangu waliua. Mimi nilikuwa nasikiliza. Injini huanza kulalamika mapema, kazi ya dereva ni kusikia.

Na huyo mwingine wa Geita asisomewe barua hii. Mimi nimelala kitandani nimefungwa macho, yeye anatoa moyo wa gari langu na kuuza kama chuma chakavu. Siku niliyofunguliwa macho, kitu cha kwanza kukiona nyumbani kwangu kilikuwa hicho. Tangu siku hiyo sijakaa kwenye usukani wake.

Nitaandika nyingine. Wabeja kwa sukari uliyotuma.

Baba yako,
Otmar


Nyarugusu
16 Februari 2024

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua ya baba mpaka karatasi imelegea. Hiyo ya kikombe cha chai nimecheka, halafu nikalipia kucheka kwa kukohoa mpaka mwenye nyumba akaja na maji.

Usione vibaya kuwa umenitumia mpaka ule ukurasa wa mwisho. Ningejua umeuficha ningejisikia vibaya zaidi.

Umeniuliza, kwenye kile kikaratasi chako, kwa nini niliitoa ile injini. Umeniuliza kwa adabu lakini nimeona hasira yako. Nitakwambia, kwa sharti kwamba iishie kwako.

Injini ilikuwa imekufa, dada. Aliiua baba.

Unakumbuka mwaka ule alikuwa anasema watu wa Maganzo wameanza kunong'ona? Hawakuwa wananong'ona. Alikuwa haisikii tena dunia, naye hajajua. Aliendesha ile gari miezi injini ikigonga kama mtu anayetwanga mtama, watu njiani wanageuka kuangalia, yeye anapiga mluzi. Ikaisha nguvu. Akaiegesha, akasema plagi zimechoka, atazitazama akitoka kwenye upasuaji.

Nikasema nimfanyie wema, nimbadilishie plagi kabla hajarudi. Nilikwenda na Herman. Tulipoifungua, Herman akakaa chini kabisa, kwenye mafuta. Beringi zimeliwa, kranki imechubuka, bloku ina ufa ambao kidole kinaingia. Herman akasema, "Huyu mzee hakusikia?" Nami nikajibu, "Hakusikia."

Ungemwambia wewe? Mtu ambaye jambo moja tu analojivunia ni hilo. Amepoteza mama, amepoteza masikio, macho nayo yanapasuliwa. Nikaona heri akute mtoto mjinga kuliko akute ufa ule. Tukauza ile injini haraka kabla hajafika, tukaweka ya dizeli. Nilimwapisha Herman. Nilifikiri atakasirika wiki mbili.

Usimwambie. Nikiwa hai wala nikiwa sipo.

Tuma nyingine akiandika. Nataka kujua zilizofuata.

Innocent


Masumbwe
25 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Barua yako imesomwa zaidi ya mara moja. Msomaji wako anataka kujua Fodi zilizokuja baada ya hiyo yako, mpaka hizi za leo.

Na mimi nina neno langu. Hasira ya miaka mitano ni nzito kwa mtu wa umri wako kuibeba peke yake. Innocent ni mwanao wa kiume wa pekee. Siombi ujibu. Naomba ufikirie tu.

Aneth


Maganzo
10 Machi 2024

Mama Hosiana,

Nimefikiria. Sijamaliza.

Sasa nimjibu mtoto. Baada ya hiyo yangu ilikuja iliyoitwa mia na hamsini, katikati ya miaka ya sabini. Nzito, mabavu, inakunywa petroli kama fisi. Wakati huo petroli ilikuwa ya kupanga foleni kwa kibali, kwa hiyo nyingi zilikaa zimeegeshwa zikiangalia barabara. Miaka ya themanini zikaja zenye uso wa pembe nne, kila kitu kimekatwa kwa rula, na walizipunguza uzito. Padre mmoja wa Ushirombo alikuwa nayo. Mia moja kama yangu wakaacha kuitengeneza kabisa miaka hiyo hiyo. Nilihuzunika kama nimepewa habari za msiba wa mtu ninayemfahamu kwa sura. Halafu miaka ya tisini mwishoni wakazirudishia umviringo, nikasema kumbe wameikumbuka ile ya hamsini na sita.

Za leo Herman hunionyesha picha kwenye simu yake. Lakini juzi moja ilisimama hapa Maganzo, dereva alikuwa anauliza njia. Nikaizunguka. Akaniruhusu kuigusa. Nikagonga bodi kwa kifundo cha kidole nikahisi si chuma. Dereva akaniandikia kwenye vumbi la mlango: ALUMINI. Sufuria, mwanangu. Fodi imekuwa sufuria. Na Herman anasema ziko za umeme, hazina injini ya kugonga wala kunguruma. Hizo zinanifaa mimi, sote hatusikii kitu.

Jambo moja nimeliona ambalo Hosiana aliandike. Fodi za zamani, mbele kulikuwa kudogo na nyuma kukubwa. Kila miaka ikienda, mbele kunakua na nyuma kunapungua. Sasa mbele wanakaa watu watano wana viti kama vya askofu, na nyuma kumebaki pa kuweka magunia machache. Gari la mzigo limekuwa sebule. Sisi tulikuwa na kiti kimoja kirefu mbele, tukabanana humo wote. Gia ilikuwa kwenye usukani, kwa hiyo katikati palikuwa wazi. Hapo ndipo alipokuwa analala Innocent. Kichwa kwenye paja langu, miguu kwa mama yenu. Nikitaka kukanyaga klachi nilikuwa naliinua paja polepole asiamke. Toka Shinyanga mpaka nyumbani.

Sijui kwa nini nimeandika hilo. Nilikuwa nahesabu magari.

Na huyo wa Geita, hajambo?

Otmar


Masumbwe
7 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Kaa kwanza ndipo usome.

Innocent hajambo si neno ninaloweza kukuandikia. Anaumwa. Vumbi la mawe ya karasha limejaa kwenye mapafu na halina dawa. Charles alikwenda kumchukua Nyarugusu wiki iliyopita, sasa yuko kwangu, amelala sebuleni kwa sababu hapo pana hewa. Amekonda. Akitoka kitandani mpaka mlangoni anapumzika kama aliyepanda mlima.

Alinikataza nisikwambie. Nimevunja ahadi hiyo, na nitajibu mbele yake na mbele ya Mungu. Si Hosiana aliyekuwa anataka habari za Fodi. Barua zako zote zilikuwa zinakwenda kwake. Ile ya pili, pale alipokuwa analala kati yenu, ameikunja na kuiweka ndani ya mto.

Sikwambii uje. Nakwambia tu alipo.

Aneth


Maganzo
10 Aprili 2024

Mama Hosiana,

Nimesoma. Herman anaipasha moto gari ya uani. Yeye ataendesha. Tutalala Kahama. Usimwambie, asije akajisumbua kujinyanyua.

Otmar


Maganzo
2 Juni 2024

Mwanangu Aneth,

Hii ndiyo barua ya kwanza tangu mlipoondoka baada ya arobaini. Nyumba imekuwa kubwa. Padre alipita, katekista alipita. Kaburi limetulia, mvua ya mwisho ililishindilia vizuri, nimelipangia mawe pembeni. Yuko karibu na mama yake.

Nataka kukuandikia mambo ya siku zile, kwa sababu wewe ulikuwa unaingia na kutoka na uji na maji, hukuyaona yote.

Nilipoingia sebuleni kwako sikumtambua. Nilimtambua kwa masikio, ni masikio ya mama yenu. Alitaka kunyanyuka nikamzuia. Tukakaa hivyo. Yeye hana pumzi ya kusema, mimi sina masikio ya kusikia. Tulikuwa tunatazamana kama watu wa lugha mbili. Mwishoni akanionyesha dirishani, anataka gari. Charles na Herman wakambeba wakamkalisha mbele, pale katikati, mimi huku na Herman kwenye usukani. Herman akaiwasha. Nikaweka kiganja juu ya dashibodi, nikaisikia kwa mkono. Inavuta sawasawa, haina mtetemo mbaya. Miaka mitano nilikuwa sijataka hata kujua inavutaje. Aliifunga vizuri, lazima niseme. Pande zote ameiwekea raba, ameisawazisha kama ilizaliwa humo.

Nikamwambia, "Mwanangu, habari ya injini nimekusamehe. Imekwisha."

Alinitazama. Nilidhani analia, lakini alikuwa anatabasamu. Akanishika mkono, akasema kitu, nikamsoma midomo: "Ahsante, baba." Kisha akalala, kichwa begani kwangu. Herman akazima gari akashuka, akaenda akasimama nyuma ya bodi, kichwa ameinamisha. Hata siku tulipomrudisha Innocent huku kwenye gari hiyo hiyo, Herman hakunigeuzia uso njia nzima. Ni mtu mwenye huruma, sikuwa najua.

Namshukuru Mungu nilifika nikamsamehe kabla hajaondoka. Nikilala nalishika hilo. Kuna wazazi hawapati hata hilo.

Ila kuna jambo linanisumbua. Kwa nini aliitoa? Hakuwa mtoto mjinga. Mtu hatoi injini nzima na kuiuza bila sababu. Wakati mwingine nawaza labda ilikuwa na ugonjwa ambao sikuujua. Halafu nasema hapana, ningesikia. Hakuna injini iliyowahi kuumwa mikononi mwangu nisiwe wa kwanza kusikia.

Nimemwuliza Herman, akasema ni mambo ya ujana. Wewe alikaa kwako, mlikuwa mnaandikiana. Je, aliwahi kukwambia?

Baba yako,
Otmar


Masumbwe
16 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeipata barua yako Jumatano. Nilikuwa na kitambaa cha mteja kwenye cherehani, nikakiacha hapo mpaka kesho yake.

Charles anakusalimia. Tumezungumza, tunakuomba uje ukae nasi japo mpaka mavuno yaishe. Sebule ipo wazi. Hosiana safari hii anaomba kwa kweli, anazisoma barua zako za Fodi mwenyewe bila kuagizwa, na ana maswali kuhusu ile ya mwaka hamsini na sita ambayo mimi siyawezi.

Siku ile ulipomsamehe, mlipomrudisha ndani, alikunywa uji wote. Hakuwa ameumaliza kwa muda mrefu. Akaniomba nimweke upande wa ukutani ili ukiingia upate pa kukaa. Alikuwa na amani, baba. Hilo niliona kwa macho yangu, usiwe na shaka nalo hata siku moja.

Na hilo uliloniuliza. Ndiyo, nilimwuliza. Alisema alitaka gari lako liendelee kutembea.

Hakuniambia kitu kingine.

Mwanao,
Aneth